Baiskeli ya Sita

Mpira wa breki ukiungua una harufu yake. Si ya tairi, wala si ya plastiki iliyotupwa jalalani ikawashwa moto. Ni kali, lakini ina utamu kidogo ndani yake, kama sukari iliyoungulia sufuriani, na hukaa nyuma ya koo hata ukinywa maji. Mwezi uliopita nilikuwa Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara, na wenzangu wa kazini, tukingoja mbuzi aive, lori likapita likifunga breki kwa nguvu. Harufu ile ilinifikia kabla ya harufu ya nyama. Wenzangu waliendelea kucheka na kubishania pilipili. Mimi niliweka soda mezani polepole, nikageuka kuangalia barabara.

Nina miaka thelathini na mmoja. Nina kazi ya heshima na watu huniita kwa cheo. Lakini harufu hiyo hunirudisha papo hapo kuwa mtoto wa miaka kumi aliyejua jambo, akanyamaza. Sijawasimulia wengi. Ninyi nitawasimulia.

Tulikaa mtaa wa Section 58, mimi, Mama na Shosho, nyanya yangu. Baba alifariki kabla sijaweza kumkumbuka. Mama alikuwa mhandisi wa mitambo, mtafiti katika chuo kimoja nje ya mji, na utafiti wake wote ulikuwa juu ya mashine ya kukausha mahindi. Mahindi yakivunwa kwenye mvua huota ukungu, na ukungu ule una sumu. Mama alitaka mkulima mdogo wa Njoro au Molo awe na kitu cha kumwokoa. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mabati, kubwa kama choo cha shule, lenye feni upande mmoja na bomba la moshi juu. Nguo za Mama zilinuka mahindi. Mkoba wake ulinuka mahindi. Shosho alikuwa akisema kwamba kuku wa jirani humfuata Mama barabarani wakidhani ni chakula.

Hiyo ndiyo kazi aliyolipwa. Kazi nyingine, ambayo hakulipwa hata chai, ilikuwa klabu ya baiskeli ya watoto wa mtaa. Kila Jumatano jioni na kila Jumamosi asubuhi alikuwa kocha wetu. Tulikuwa watoto kumi na wawili na baiskeli kumi na mbili za mitumba, zilizofufuliwa na Anko Wafula, fundi aliyezaliwa katika nyumba za reli, ambaye aliweza kuisikiliza cheni ikizunguka akakuambia inaumwa wapi. Shosho hakuupenda mpango huo hata siku moja.

“Mshika mbili moja humponyoka,” alikuwa akimwambia Mama, akimenya viazi.

“Nina mikono miwili, Mami.”

“Mikono ni miwili. Kichwa je?”

Mama alicheka na kukimbilia mlangoni, kwani alikuwa amechelewa. Siku zote alikuwa amechelewa.

Mimi nilikuwa mtoto mwoga, nalisema bila haya. Niliogopa radi, niliogopa bata mzinga wa majirani, niliogopa shimo la choo kule kwa kina Shosho. Zaidi ya yote niliogopa mteremko. Kupanda mlima kwa baiskeli sikuogopa, maana miguu ni yangu na pumzi ni yangu. Lakini baiskeli ikianza kwenda yenyewe, tumbo langu lilibaki nyuma. Nilijiunga na klabu kwa sababu moja tu: uwanjani, Mama alikuwa wangu. Nyumbani alikuwa mezani na daftari lake la namba za joto. Uwanjani alipiga filimbi, akakimbia, akatucheka tulipoanguka, na mara nyingine akaniwekea mkono kichwani akipita, bila hata kuangalia, kama mtu anayegusa mlango wa nyumba yake.

Basi wiki moja kabla ya siku ninayoitaka kuwaeleza, wazazi wawili walikuja kwetu baada ya kanisa. Walikunywa chai, wakasifu mandazi ya Shosho, halafu yule mwanamume, aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi, akaweka kikombe chini.

“Injinia, hatukatai, unajitolea. Mungu akubariki. Lakini Jumatano watoto walikaa uwanjani saa nzima peke yao wakikungoja.”

“Feni iliharibika,” Mama akasema. “Nilipiga simu.”

“Tunajua. Ndiyo tunasema uamue. Mashine ama watoto. Kosa lingine moja, tutatafuta mtu mwingine.”

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la korido, nikiwa na kipande cha andazi mdomoni. Sikukimeza. Nilimwona Mama akiinamisha kichwa kama mwanafunzi. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, na kuogopa kwangu kote kwa zamani, radi na bata mzinga na choo, kulikuwa mchezo tu kando ya nilivyoogopa pale.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa safari ya kupanda Menengai, mlima wenye shimo la volkeno juu yake. Tulipanga baiskeli kwenye ukuta wa uwanja, kumi na mbili, na sisi tukasimama kila mmoja nyuma ya yake. Mama alikuwa na desturi yake ya ukaguzi, na hakumwachia mtu, hata Anko Wafula. Alibana breki ya mbele na kusukuma baiskeli mpaka gurudumu la nyuma likanyanyuka. Alibana ya nyuma, akaivuta. Halafu alipapasa waya kwa kidole gumba, kutoka juu hadi chini, akifumba macho. Mwisho alipiga kiti kofi moja na kusema, “Enda.” Tulilipenda kofi hilo. Lilikuwa kama baraka.

Baiskeli ya sita ilikuwa ya Jerono, rafiki yangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mrefu, mwepesi, binti wa mzee aliyeleta maziwa mjini kutoka upande wa Rongai. Jerono hakuogopa kitu. Mimi nilikuwa wa saba.

Mama aliinama mbele ya baiskeli ya Jerono, na simu ikalia.

Aliondoka hatua kumi hivi, akatugeuzia mgongo. Tulimsikia. “Joto ngapi? Themanini? Zima! Zima kwanza, halafu ndio unipigie!” Alisimama kidogo akiwa ameshika kiuno, akatazama chini, akapangusa uso kwa kiganja. Kisha akarudi haraka, akatabasamu, akainama mbele ya baiskeli yangu.

Breki ya mbele. Breki ya nyuma. Waya. Kofi. “Enda.”

Nilifungua mdomo. Nakumbuka hata baridi ya hewa ilivyoingia kwenye meno. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa amesimama langoni na mikono nyuma, amekuja kumuaga mtoto wake na, nilijua, kuangalia. Ningesema, “Mama, umeiruka ya Jerono,” naye angesikia. Kosa lingine moja. Nilifunga mdomo. Mama alikuwa tayari kwenye ya nane.

Njia ya Menengai inapita Milimani, kati ya nyumba zenye miti mikubwa na nyua za kayaba zenye miiba, halafu inaanza kupanda kwa hasira. Tulipanda kwa zaidi ya saa moja. Nami saa hiyo nzima nilikuwa nyuma ya Jerono, nikitazama gurudumu lake. Kila kona nilijiambia, kona inayofuata nitasema. Nilijiambia pia kwamba wiki iliyopita baiskeli ile ilikuwa nzima, na kitu kizima hakiharibiki kikiwa kimesimama. Mtoto mwoga ni wakili hodari. Anapata hoja kwa kila jambo isipokuwa lile linalotakiwa.

Juu kabisa upepo ulinuka mikaratusi, na chini yetu shimo lile kubwa lilikuwa limejaa ukungu, mvuke ukichomoza hapa na pale. Wenzangu walikula mayai na viazi vitamu. Mimi nilimwendea Mama. Alikuwa amechuchumaa kwenye jiwe, simu kati ya sikio na bega, anaandika namba mgongoni mwa mkono kwa kalamu.

“Mama.”

“Subiri kidogo, Muthoni.”

Nilisubiri. Alihesabu namba na yule wa upande wa pili, akafuta moja kwa mate, akaandika nyingine. Nikaondoka. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa neno hilo: aliniambia nisubiri.

Nilimwendea Jerono. “Breki zako ziko sawa?”

Alibana mara moja kwa vidole viwili, akimeza yai. “Ziko poa. Wewe unaogopa tu, Muthoni. Ukianza kushuka utaita mama yako.”

Wengine wakacheka. Nikacheka nao.

Sheria ya kushuka ilikuwa moja: Mama mbele, hakuna wa kumpita, Anko Wafula nyuma ya wote, kila mmoja ampe mwenzake nafasi ya urefu wa baiskeli tatu. Kona ya kwanza tulishuka vizuri. Ya pili pia. Nilianza kupumua. Baada ya kona ya pili barabara inanyooka na kuinama kwa pamoja, na hapo nilisikia sauti ndogo, *ting*, kama mtu amekata uzi wa gitaa. Mkono wa Jerono wa kulia ulijikunja ghafla mpaka ukagonga usukani.

Hakupiga kelele. Ndicho kilichonitisha. Aliangalia mkono wake, akabana breki ya mbele, na mipira yake ilikuwa imeisha. Nilisikia mpira ukilia, na harufu ile, ile niliyowaambia, ikanijia usoni. Halafu harufu ikaisha, ikabaki sauti ya chuma juu ya chuma, na Jerono akaanza kuondoka. Aliwapita watoto mmoja mmoja. Kila aliyepitwa aligeuza kichwa kwa mshangao, kama kwamba ni utundu. Akampita Mama.

Sijawahi kusikia tena sauti aliyoitoa Mama. Halikuwa neno. Kisha likawa neno: “Kushoto! Jerono, kushoto! Ingia nyasi!” Naye, badala ya kufunga breki, akaanza kupiga pedali. Mama yangu alishuka mteremko ule akipiga pedali, ameinama, shati limejaa upepo, kumfuata mtoto ambaye hangeweza kumshika hata angemfikia. Wakapotea kwenye kona.

Mimi nilisimama. Nilibana breki zangu zote mbili, zile zilizokaguliwa, zikanisimamisha vizuri kabisa. Nikasikia honi ya gari kubwa chini, ndefu, halafu kishindo cha matawi. 

Anko Wafula alinikuta hapo. Wengine alikwisha kuwaketisha kando ya barabara. Aliniambia nishuke, nikashindwa. Vidole havikufunguka. Alivibandua kimoja kimoja, taratibu, kama anavyotoa nati iliyoota kutu, akisema, “Pole mama, pole, achilia, nimekushika.”

Jerono alikuwa hai. Niseme hivyo sasa ili msiumie kama nilivyoumia mimi mpaka tulipofika chini. Kwenye makutano kulikuwa na lori la maji linapita, naye alilikwepa, akaingia mtaroni, akarushwa juu ya ua wa kayaba. Miiba ilimchana mikono na mashavu. Mtulinga, ule mfupa wa kutoka shingoni hadi begani, ulivunjika. Kofia ngumu ilipasuka katikati kama nazi. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mtaro, amemshikilia kichwa kisicheze, anamwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, anakosea maneno. Alipotaka kumpa maji chupa iligonga meno ya mtoto, tik tik tik.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu la mbao. Baba yake Jerono alifika amevaa gambuti, viatu vyake vya mpira, bado zina samadi ya zizini. Alimwona binti yake kwanza. Aliporudi, Mama alisimama.

“Baba Jerono, leo asubuhi sikuikagua baiskeli yake. Simu ililia nikairuka. Waya ulikuwa umechakaa. Ningeupapasa ningejua. Ni mimi.”

 Mwenyekiti wa wazazi alikuwa pale, na mama wengine wawili.

“Ungesema waya umekatika tu,” mzee akasema, “ningekubali. Vitu hukatika.”

“Najua.”

“Basi kwa nini unaniambia?”

“Kwa sababu utalala leo usiku ukijiuliza.”

Mzee akaketi. Hakumtukana wala hakumsamehe, alisogea tu ili Mama naye apate mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi. Nilijua kwamba kama Mama ameiruka baiskeli ile bila kujua, basi katika benchi hilo lote aliyejua ni mimi peke yangu. Nikainuka, nikakimbilia chooni.

Klabu ilifungwa. Baiskeli zilirundikwa kwa Anko Wafula. Mama alirudi kwenye mashine yake, na sasa kwa kuwa alikuwa na kitu kimoja tu cha kushika, kama Shosho alivyotaka, nilidhani angepumzika. Hakupumzika. Alikaa mezani daftari likiwa wazi, kalamu mkononi, na ukurasa haujai. Shosho aliacha kusema methali. Mimi niliacha kula. Niliogopa kila gari lililosimama langoni kwetu, nikidhani ni mtu amekuja kuniuliza.

Jumamosi ya tatu Mama alinichukua kwenda chuoni, labda kwa sababu Shosho alimwambia mtoto anakonda. Mashine ilikuwa inanguruma. Alinipa kipimajoto nimshikie. Nikasema, nikiangalia kile kipimajoto, “Niliona ukiiruka.”

Hakuuliza ninazungumzia nini. Alizima feni. 

“Kwa nini hukuniambia?”

“Mwenyekiti alikuwa langoni. Wangekufukuza.”

Mama aliketi juu ya gunia. Nilingoja anikumbatie, kama mama wanavyofanya, aseme si kosa langu. Hakufanya hivyo, si mara moja. Alinitazama kwa macho ya mtu anayesoma hesabu iliyokataa kutoka.

“Kwa hivyo uliona afadhali Jerono aende hivyo kuliko mimi niaibike.”

“Ndiyo,” nikasema, kwa maana ndivyo ilivyokuwa, na nikaanza kulia.

Hapo ndipo alinivuta, akanikalisha kwenye paja ingawa nilikuwa mkubwa. “Kosa la baiskeli ni langu,” alisema kwenye nywele zangu. “Hilo sitakugawia. Lakini siku nyingine usinilinde hivyo. Piga kelele. Hata mbele ya rais, piga kelele.”

Klabu ilifunguliwa muhula uliofuata, na aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuomba wazazi alikuwa baba yake Jerono. Alisema aliyekiri ndiye anayemwamini. Kukawa na mwalimu mwingine wa kusaidiana na Mama, na simu zikawekwa kwenye ndoo langoni. Mashine yake ilichukua miaka miwili zaidi kuliko alivyopanga. Ilikausha vizuri mwishowe, na wakulima kadhaa huko Njoro wanaitumia.

Nilikua. Nikawa mhandisi, wa barabara, natafiti udongo katika maabara, na Jumamosi asubuhi niko kwenye uwanja uleule na watoto wa mtaa, nikiwa nimechelewa. Kwa miaka yote hiyo Jerono sikumwambia. Ninyi mngesema rafiki wa kweli angesema. Nami nasema woga wa utotoni haukui pamoja na mwenye nao. Hubaki na miaka kumi, umejificha palepale.

Baada ya ile siku ya Kikopey niliona haitawezekana kuendelea hivyo. Nilikwenda Rongai. Jerono ameshika biashara ya maziwa ya baba yake, ana watoto wawili na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Mfupa wake uliunga na kinundu kidogo, kinaonekana akivaa blauzi ya shingo pana. Alinipa chai. Nikamwambia yote: simu, kofi lililokuja kwangu badala yake, mwenyekiti langoni, kuchekwa kule juu. Nilisema nikiwa nimekitazama kile kinundu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanimwagia chai zaidi, ingawa kikombe kilikuwa bado nusu.

“Muthoni, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya hiyo baiskeli. Unadhani sikuona ameiruka?”

Niliweka kikombe chini.

“Ule waya ulianza kuchomoza nyuzi tangu Alhamisi. Nilijua akiupapasa ataniacha nyuma. Simu ilipolia, nilifurahi. Niliomba Mungu asirudi kwangu.” Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. “Pale hospitalini mama yako alipokiri, nilimsikia kupitia mlango uliokuwa wazi, nikajifanya nimesinzia. Nikamwacha abebe. Hadi leo nikimwona mjini namnunulia kitu.”

Tulikaa, wanawake wawili wazima, chai ikipoa, kila mmoja akitazama miaka ishirini na moja aliyoogopa peke yake.

Nilidhani nikiwa mtoto kwamba Mama alianguka kwa sababu alibeba vitu viwili. Watu wazima walisema hivyo, Shosho alisema hivyo, nami niliamini. Sasa nabeba vivyo hivyo viwili na najua si uzito uliomwangusha. Kulikuwa na watoto kumi na wawili ukutani asubuhi ile. Wawili najua waliona. Wengine sijawauliza, ila macho ya watoto nayajua. Tulimpenda sana, tukaona jinsi alivyochoka, na kila mmoja akaamua kumwonea huruma kwa kunyamaza.

Ndiyo maana Jumamosi, mtoto akinipigia kelele kwamba kiti chake kinacheza, au kwamba nimemruka, au kwamba mwenzake ananidanganya, sikasiriki. Naweza kuwa na simu ya maabara mfukoni na usingizi wa saa tatu machoni, nikarudi nikaanza upya kutoka wa kwanza. Watoto wakipiga kelele mimi niko salama. Lakini zipo asubuhi wanasimama mstarini wametulia, wananitazama kwa upole, hakuna anayesema neno, na hapo ni kama nipo juu kule tena. Mimi mtu mzima, mbele ya watoto wenye adabu, naogopa.